Jino Lililonyamaza

 Nimeombwa nizungumze juu ya matibabu ya mzizi wa jino: mgonjwa ajue nini kabla hajaketi kwenye kile kiti chetu, na ajue nini akishainuka. Nitaanza na mgonjwa niliyemkosea.

Alikuwa mama wa makamo, muuza vitumbua. Alikuja amejifunga kanga kuanzia utosini mpaka chini ya kidevu, kama watu wetu wanavyofunga taya linapouma. Gego la chini upande wa kulia lilikuwa limetoboka, na kwa siku tatu hakuwa amepata usingizi. Nilimpiga sindano ya ganzi, nikalifungua jino, nikatoa kiini kilichooza, nikaosha, nikaweka dawa, nikaziba kwa kizibo cha muda. Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Alirudi baada ya miezi minane, shavu limejaa, na jino limepasuka katikati hadi mzizini. Nilipomuuliza mbona hakuja siku ile, alinitazama kwa mshangao wa kweli: "Lakini dokta, jino si lilinyamaza?"

Sikuwa na la kufanya ila kuling'oa. Nilipokuwa namshonea nilijua kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimemwambia lini arudi, sikumwambia kwa nini. Yeye alifuata kanuni tuliyolelewa nayo sote, kwamba kinachouma ni kigonjwa na kilichoacha kuuma kimepona. Kwa kidonda cha mguuni kanuni hiyo mara nyingi inafaa. Kwa jino haifai hata kidogo, na sehemu kubwa ya hasara ninazoziona vinywani mwa watu imeletwa nayo.

Tuliangalie jino lenyewe. Kwa juu limevikwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa haufui dafu. Chini ya enameli kuna dentini, yenye vijitundu vyembamba mno vinavyoelekea ndani. Na ndani kabisa kuna chumba chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hicho ndicho kiini cha jino. Kinashuka mizizini kupitia mifereji myembamba mpaka nchani, na pale nchani pana kitundu ambamo mishipa hupitia kuingia na kutoka kwenye taya. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la kwanza la chini huwa na mizizi miwili na mifereji mitatu au minne. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, na mara nyingi lina mfereji wa nne uliojificha, ambao daktari asipoutafuta kwa subira hauoni. Ukiambiwa jino la mbele litakwisha leo na gego litachukua safari mbili, si kwamba unazungushwa.

Sasa fikirieni nyama iliyofungiwa ndani ya kuta za mawe. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kiini kikivimba hakina pa kutanukia. Damu inabanwa, fahamu inabanwa, na mtu mzima mwenye heshima zake anatembea uani usiku wa manane ameshika shavu. Ukinywa maji baridi jino likashtuka, kisha maumivu yakatoweka mara tu, kiini bado kina nafasi ya kupona tundu likizibwa mapema. Maumivu yakibaki dakika kadhaa baada ya maji kushuka tumboni, yakianza yenyewe bila kuchokozwa, yakikuamsha usingizini, au chai ya moto ikiyachochea, kiini hicho kwa kawaida hakirudi tena katika hali yake. Halafu inakuja siku ambayo jino linakaa kimya. Watu humshukuru Mungu siku hiyo. Kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa, na mshipa uliokuwa ukipiga kelele umekufa pamoja nacho. Ugonjwa uko palepale. Unashuka kwenye mifereji, unatokea nchani mwa mzizi, na mfupa wa taya unaanza kuliwa polepole. Kwenye picha ya eksirei tunaona doa jeusi kwenye ncha ya mzizi. Doa hilo laweza kukaa miezi, laweza kukaa miaka, mwenyewe anatafunia upande huo na hana habari.

Wazee walisema jino lina mdudu. Wapo waliofukiza mdomo kwa moshi wa mbegu ili mdudu atoke, na imani hiyo haikuwa yetu peke yetu. Watu wa Babeli ya kale nao walikuwa nayo. Mdudu wa kuonekana kwa macho hayumo. Lakini tazameni lugha yetu ilivyotuwekea njia, maana tunachokisema leo hospitalini ni vijidudu. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fani yetu hufundishwa. Walichukua panya wa aina mbili: wa kawaida, na waliokuzwa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Wote wakatobolewa magego mpaka kiini kikawa wazi, wakaachwa wale chakula chao. Kwa panya wa kawaida viini vilioza na majipu yakatokea. Kwa wale wengine chakula kilijaa tunduni vilevile, lakini viini vilibaki hai, vikajijengea ukuta mpya wa dentini kuziba jeraha. Tundu lilikuwa lilelile na chakula ni kilekile. Kilichotofautiana ni vijidudu tu.

Matibabu ya mzizi yote yamejengwa juu ya jambo hilo. Tunaingia, tunatoa kilichokufa, tunapunguza vijidudu kadiri tunavyoweza, kisha tunaziba wasirudi wengine. Mwili hufanya yaliyobaki.

Hapa Unguja siwezi kupita bila kuitaja karafuu. Mtu jino likimuuma husaga karafuu au huchovya pamba kwenye mafuta yake akabandika tunduni, na maumivu hupungua. Si uzushi. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo yujenoli, ambayo hupoza fahamu. Madaktari wa meno duniani wameichanganya kwa miaka mingi na unga wa zinki oksaidi kutengeneza vizibo vya muda na saruji ya kuzibia mizizi. Basi karafuu ni msaada wa usiku mmoja mpaka kupambazuke. Isikae wiki, na mafuta yake makali yasimwagike ovyo kwenye fizi, yanaunguza. Kidonge cha aspirini nacho kimewekewa desturi ya kubandikwa kwenye fizi kando ya jino bovu. Hicho huichoma fizi ikawa nyeupe na kubabuka, na jino linaendelea kuuma. Dawa ya maumivu inamezwa.

Jambo la antibayotiki linanikereketa, mtanivumilia. Jino linauma, mtu anakwenda duka la dawa, anatoka na amoksilini na metronidazoli, anameza siku tatu, anatulia, anaweka zilizobaki kabatini zimsubiri mwanawe. Dawa hizo husafiri kwa damu. Jino ambalo kiini chake kimekufa halina damu ndani yake. Dawa itazunguka mwili mzima na chumba hicho kimoja haitaingia. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema kwamba kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri, maumivu mengi ya kiini cha jino hayahitaji antibayotiki, yanahitaji jino lenyewe litibiwe. Zina mahali pake: homa, uvimbe unaosambaa, mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka. Mahali hapo apaone daktari.

Na uvimbe unaosambaa si wa kusubiri miadi. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, ulimi ukainuliwa juu, ukashindwa kumeza mate, mdomo ukakataa kufunguka, pumzi ikawa nzito, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, iwe ni usiku, iwe ni sikukuu. Jipu la jino linaweza kuua. Nalisema wazi kwa sababu watu huliona ni la mdomoni tu.

Haya, umekata shauri kutibiwa. Kabla ya siku yenyewe, andaa maneno yako. Mwambie daktari kama una kisukari, presha, pumu, kama una vali ya bandia moyoni, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au dawa za kuimarisha mifupa, na kama kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha au kukutoa vipele. Usiziache dawa zako kwa uamuzi wako ukidhani ndiyo adabu ya kwenda kwa daktari wa meno. Anayetumia dawa za damu au za mifupa mara nyingi ni salama zaidi kutibiwa mzizi kuliko kung'olewa, kwa hiyo taarifa hiyo inaweza kubadilisha mpango wote. Mjamzito asifiche ujauzito wake, wala asifukuzwe kwa sababu yake: ganzi ya lidokaini hutumika, eksirei ya jino moja hupigwa pale inapohitajika kwa kinga yake, na miezi ya katikati ndiyo yenye raha zaidi kwake kulala kitini. Kula kabla hujaja, hasa mwenye kisukari. Mwezi wa Ramadhani niambie umefunga, tutapanga baada ya futari. Usiliache jipu lingoje Idi.

Uliza bei yote. Watu wengi huuliza bei ya kutibu mzizi, wakaja kupigwa na butwaa wanapoambiwa kuna kofia ya jino juu yake, nayo ina malipo yake. Uliza mapema: mzizi ni kiasi gani, kofia ni kiasi gani, bima yangu inalipa kipi. Uliza pia kama jino linafaa kuokolewa. Mzizi uliopasuka kwa urefu, jino lililoliwa mpaka limebaki kisiki chini ya fizi, jino linalocheza kwa ugonjwa wa fizi, haya kuyang'oa ni tiba ya haki. Najua pia vipo vituo ambako huduma inayopatikana ni kung'oa tu, na nyumba ambazo bei ya kofia ni ada ya mtoto. Simhukumu mtu. Ninachotaka ni kwamba anayeng'oa gego zima la kutibika awe anajua anachoacha: majirani wa pengo huanza kuinama, la taya la pili hujitokeza kulifuata pengo, na kutafuna kunahamia upande mmoja kwa maisha yote.

Ukiwa kitini, ganzi ndiyo hofu ya wengi. Gego la chini lililowaka moto huwa kaidi. Mdomo unakufa ganzi na jino bado linasikia. Hilo linajulikana, na zipo njia za kuongeza, hata za kupiga ganzi ndani ya jino lenyewe. Inua mkono. Usijikaze kwa kuona haya, na daktari anayekuambia uvumilie huku ukitetemeka mwambie asimame.

Atakufunika jino kwa kitambaa cha mpira chenye kitundu, jino litokeze peke yake. Alikianzisha daktari mmoja wa New York, Sanford Barnum, mwaka 1864, na mpaka leo wapo wanaokiruka kwa kuokoa dakika tano. Kiombe. Kinazuia mate yenye vijidudu yasiingie kwenye mfereji unaosafishwa, na kinakuzuia wewe usimeze kile kinachofanyiwa kazi mdomoni mwako. Maana tunachotumia ni tupa, tupa kama za seremala ila nyembamba kama unywele, zinazokwangua kuta za mfereji. Kati ya tupa na tupa tunamwagia dawa ambayo ni ukoo mmoja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe, hipokloraiti ya sodiamu, na hapo ndipo vijidudu hufa kwa wingi, kwenye pembe ambazo tupa haifiki. Mara chache ncha ya tupa huvunjika mferejini. Si lazima jino lipotee kwa hilo, lakini ni haki yako kuambiwa siku hiyohiyo.

Mwisho tunaujaza mfereji. Kinachojaza ni gutapacha, utomvu wa miti ya nchi za Malaysia na Indonesia, uliochanganywa na zinki oksaidi. Utomvu huohuo ulizifunika nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari karne ya 19, na waya uliotoka Aden ukafika hapa Unguja mwaka 1879 ulikingwa nao dhidi ya maji ya chumvi. Sifa iliyoufaa waya ndiyo inayolifaa jino: hauozi kwa urahisi, na ukipashwa moto unalainika ukaingia kila kona.

Sasa umeinuka. Mdomo utakuwa na ganzi saa mbili hadi nne. Usile wala usinywe cha moto mpaka iishe, na mtoto achungwe asijing'ate mdomo. Siku mbili tatu, pengine hata wiki, jino litauma ukiling'atia. Hapo kanuni yetu ya zamani inatudanganya kwa upande wa pili: mtu huona maumivu akasema tiba imeharibika. Nyama iliyozunguka ncha ya mzizi imeguswa na inapoa. Ibuprofeni baada ya chakula inasaidia, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito. Hao watumie parasetamoli, na mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au uvimbe mpya, yanakurudisha kwetu. Mlango wetu uko wazi kwako mpaka kazi iishe.

Na kizibo cha muda ni cha muda. Kinavuja baada ya wiki chache, mate yanaingia, na yale yote tuliyoyasafisha yanarudi kwa njia ileile. Mpaka kitakapobadilishwa, tafunia upande mwingine. Miwa, mifupa, kashata na barafu viache, na chupa ya soda ifunguliwe kwa kifungulio.

Kwa magego, kofia si pambo. Jino lililotibiwa mzizi limepoteza kuta zake, kwanza kwa kuoza, kisha kwa sisi kulifungulia njia. Lililobaki ni kama nyumba iliyobaki kuta mbili, na gego ndilo linalobeba nguvu kubwa ya taya. Mwaka 2004 Salehrabi na Rotstein walichapisha hesabu ya meno 1,462,936 yaliyotibiwa mzizi kwa watu wenye bima Marekani. Baada ya miaka 8, asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni. Katika machache yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa na kofia kamili. Hao walikuwa watu wenye bima, naelewa. Lakini gego halijui bima. Linapasuka Chicago kama linavyopasuka Mkunazini hapa Unguja. Kama fedha haitoshi mwezi huu, sema. Daktari anaweza kulijenga kwa kizibo imara kinachofunika ncha za jino, likungoje ujipange.

Wapo waliopata kwenye simu zao habari kwamba jino lililotibiwa mzizi huleta kansa na magonjwa ya mwili mzima. Chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1910 daktari wa Uingereza, William Hunter, alihutubia Montreal akilaumu kazi za meno za wakati wake kwa kuficha usaha, na kwa miongo kadhaa baada yake watu wazima waling'olewa meno kwa maelfu wakitumaini kupona baridi yabisi na mengineyo. Hawakupona kwayo, na utafiti uliofuata haukuithibitisha nadharia hiyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jingine. Jino lililotibiwa mzizi haliwezi tena kukuita. Linaweza kutoboka upya pembeni mwa kofia, linaweza kuoza mpaka usawa wa fizi, na hutasikia baridi wala moto. Kwa hiyo lisugue kuliko mengine, kwa dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki wa mti ni mzuri, na wanaoupenda wautumie juu ya hapo. Na uje upigwe picha baada ya mwaka, hata kama huna shida, hasa kama huna shida. Mfupa hujaza polepole, mara nyingine huchukua hadi miaka minne doa kwisha. Tukiona linakua badala ya kupungua, bado tunaweza kuufungua mzizi tena na kuusafisha, au kuikata ncha yake kwa upasuaji mdogo. Tukiliona mapema.

Yule mama wa vitumbua alirudi miaka miwili baadaye, safari hii gego la kushoto. Tuliketi kwanza, nikamchorea jino kwenye karatasi, nikamweleza kila hatua na sababu yake, na nini kitamdanganya. Alikuja safari zote. Kofia aliilipa kidogokidogo. Mwaka mmoja baada ya hapo nilimpiga picha, nikaiweka kando ya ile ya kwanza: penye doa jeusi sasa palikuwa na mfupa mweupe, laini kama wa jirani yake. Akaziangalia zote mbili kwa muda mrefu, akagusa shavu la kulia kwa kidole.

"Na lile nalo, dokta, lingekuwa hivi?"

Nikamwambia naamini lingekuwa.